Uji wa Mzuka

Nilipokuwa mtoto, niliogopa kichwa cha mama kuliko nilivyoogopa viboko wa mto Kilombero. Kiboko unaweza kumkimbia. Kichwa cha mama kilitufuata hadi shambani, upande wa Lupiro, tulikohamia kila msimu mpunga ulipoanza kuiva ili kuamia ndege wasiule.

Kuamia hakuna mapumziko. Kwelea kwelea huja alfajiri kwa makundi, na ukigeuka tu kuinjika sufuria, wameshamaliza kipande. Basi mama alishinda juu ya dungu, kichanja cha mlinzi, na kombeo lake, hajatia kitu tumboni mpaka alasiri. Mara nyingi kichwa hakikusubiri alasiri hiyo. Aliona vimulimuli vikicheza juu ya mpunga, upande mmoja wa kichwa ukaanza kugonga, akatapika, akajifunika kanga akilia kwamba mwanga unamchoma macho.

Bibi, aliyemzaa mama, hakuwa na shaka. Alisema shamba lile lina mzuka wa mchana, na anayeona vimulimuli mpungani ameshapandwa. Mtu wa hivyo halishwi mpaka jua lizame, kwa kuwa chakula chake huliwa na mzuka. Mzuka ukishiba, unaondoka na mtu wake.

Siku ninayoikumbuka, mama alishuka kwenye dungu akipapasa ngazi kama kipofu. Tulimlaza kibandani. Bibi akachukua kombeo, kwa sababu ndege hawajui mgonjwa, na kabla ya kwenda akanishika bega.

"Akiomba chakula usimpe, Mage. Hata akikuita kwa jina. Huyo si mama yako."

Nilikaa mlangoni, mgongo nje, tayari kukimbia. Haukupita muda, sauti ikatoka chini ya kanga.

"Mage. Niletee uji."

Ilikuwa sauti ya mama kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wewe nani?" nikauliza.

Kanga ikasogea. Kisha: "Ni mimi mama yako. Nina njaa."

Watu husema nilikuwa jasiri. Uongo. Niliogopa tu zaidi kumwacha mama afe na njaa kuliko kuulisha mzuka. Nikampa uji wa jana, umepoa. Akaunywa kidogo kidogo, akaomba maji, akalala. Nikakaa nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, nikingoja kisimame.

Bibi aliporudi aliona bakuli tupu. Hakunipiga. Alikaa chini akalia. "Umenimalizia mwanangu," akasema. Tukangoja wawili, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jua lilipoinama, mama aliamka akauliza ndege wamekula kiasi gani.

Bibi hakuutaja mzuka tena, si siku ile wala baadaye. Lakini kesho yake, ndege hawajaamka, nilimkuta anakoroga uji, na hakumruhusu mama kupanda dungu kabla bakuli halijaisha. Kichwa hakikumwacha mama moja kwa moja, ila kilianza kumjia mara chache.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Lumemo, na kichwa kile nimekirithi. Daktari alikiita kipandauso. Alisema kinachokiamsha kwa mtu huyu si lazima kimwamshie yule, na chakula hakimtibu kila mtu, nijichunguze. Nimejichunguza. Changu huamshwa na asubuhi niliyotoka bila kula, na siku niliyosahau kunywa maji. Simcheki bibi. Tulikuwa tumezungukwa na mpunga pande zote. Nani angefikiri kwamba kinachomwangusha mama ni njaa?

Hata hivyo, vimulimuli vikinianza, elimu yote hiyo hukimbia, nami huwa tena yule mtoto wa mlangoni. Mama anajua. Kila asubuhi hunipigia simu, na mimi, kwa utani ambao si utani wote, huuliza: "Wewe nani?"

"Ni mimi mama yako," hujibu. "Umekula?"