Jiko Lililoandikwa kwa Jina Langu

Kiwanja changu cha ufukweni hakikuwa kikubwa. Ukisimama langoni ungeweza kumwita mtu aliyeko majini akakusikia bila wewe kupaza sauti. Lakini mchanga wake ulikuwa safi, hauna mawe, na kwa miaka kumi na mmoja watu wa Kyela mjini, wa Mwaya, na hata kwaya kutoka Tukuyu walikuja pale Jumapili na sikukuu kuogelea, kula samaki na kulala kivulini. Walipaita “kwa Karani”, kwa sababu kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mizigo bandarini Itungi. Nilipenda sana kusikia watu wakisema, twendeni kwa Karani.

Sasa pale pana mwalo wa kushushia samaki na soko lake. Serikali ilitwaa ardhi ile kwa manufaa ya umma, tukaletewa barua, tukaitwa mkutanoni, na baadaye tukalipwa fidia. Sina kinyongo. Wavuvi wetu walikuwa wakishusha usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye tope na kuwaanika chini ambako mbuzi walipita. Soko lilihitajika, na mahali pazuri pa kulijenga palikuwa pangu na pa jirani zangu wawili. Ninachoandika hapa ni kosa langu mwenyewe, nililolifanya asubuhi moja mbele ya mthamini, na ambalo lilikaribia kumnyima mke wa mwanangu kazi yake.

Inabidi nieleze kwanza jinsi tulivyoishi. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humkwepa baba wa mumewe. Hamtazami usoni, haongei naye, na wakikutana njiani yeye hupisha na kugeuka upande. Tunaita ukutila, na ni heshima, si ugomvi. Mjini wengi wameacha, na mchungaji wetu alishasema hadharani kwamba hatatulazimisha wala hatatukataza. Nyumbani kwangu tuliendelea nayo. Nikisema tuliendelea, nina maana mimi ndiye niliyetaka, kwa sababu ilinifanya nijione mzee wa nyumba yenye adabu.

Mwanangu wa kwanza ni dereva wa lori la mpunga na kakao, mwezi mzima anaweza asionekane. Mkewe ni binti wa Wakisi, wafinyanzi wa vyungu upande ule wa milima, na ndiye aliyeendesha kiwanja. Mimi nilikuwa na ardhi, meza moja, na kiti cha kukaa langoni nikipokea wageni kwa hadithi za meli. Yeye alijenga jiko kwa matofali ya tope. Bomba la moshi alilitengeneza kwa vyungu vya mama yake vilivyotobolewa matako na kupangwa kimoja juu ya kingine, na moshi ulipanda vizuri kuliko wa hoteli yoyote niliyowahi kuiona. Miti ya kivuli, mikungu, aliipanda yeye, akaimwagilia kiangazi chote kwa maji aliyoyabeba kichwani. Vyumba viwili vya kubadilishia nguo ni vyake, na bembea ya watoto ni yake.

Tulifanya kazi pamoja miaka yote hiyo bila kuonana. Nikitaka kupita upande wa jikoni nilikohoa kwanza, yeye akazunguka nyuma. Yeye akitaka kupita upande wa langoni alikohoa, nami nikageukia ziwani. Ujumbe wowote ulipitia kwa mke wangu. Wageni walidhani familia nzima ina kifua.

Siku mthamini alipokuja, mke wangu alikuwa Ngana akimuuguza dada yake, na mwanangu alikuwa safarini. Mthamini alikuwa kijana mpole, mwenye fomu, kamera, na ubao mdogo wa kuandikia namba kwa chaki. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mwenye mali asimame mbele ya mali yake akiwa ameshika ubao, apigwe picha, kisha aweke sahihi. Tulianza na mpaka, tukaja kwenye meza yangu, halafu tukafika jikoni.

“Hili jiko ni la nani, mzee wangu?”

“La hapa hapa.”

“La hapa hapa ni la nani? Fomu inataka jina.”

Nyuma ya ukuta nikasikia kikohozi. Alikuwa pale, hatua chache tu, na kikaango kikilia motoni. Ningeweza kumwambia kijana yule azunguke akamwulize. Ningeweza kusema maneno matatu, jiko la mkwe wangu, na mila isingevunjika hata kidogo. Lakini mthamini alikuwa ametoka kuniambia, “Mzee, una mali hapa,” na maneno hayo yalikuwa bado matamu masikioni. Nikaona kwamba kumtaja yeye ni kuanza kugawa.

“Andika langu,” nikasema.

“Na miti? Na vile vyumba?”

“Vyote vyangu.”

Nikasimama mbele ya jiko lake na ubao mkononi, nimetoa kifua kama bwana harusi. Nikaweka sahihi nzuri ya kikarani.

Baada ya wiki kadhaa orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Aliyenipa habari ni jirani yangu mwenye mitumbwi, mtu ambaye hajawahi kunionea huruma.

“Karani, kumbe mkaanga samaki ni wewe! Tumesoma. Sasa kizimba chako tutakuja kula lini?”

“Kizimba gani?”

“Kwenye soko jipya. Waliokuwa na biashara ya chakula ndio watakaopewa vizimba vya mama lishe. Wewe umo. Ununue na kanga kabisa.”

Nilicheka naye, lakini njiani kurudi nyumbani sikucheka. Nilikuwa sijasikiliza sehemu ile ya mkutano. Nilikuwa nahesabu moyoni upana wa kiwanja. Kizimba kingetoka kwa jina lililoandikwa kwenye jiko, na jina lile lilikuwa la mzee asiyeweza kuchemsha chai.

Mke wangu aliporudi kutoka Ngana alikuwa ameshasikia. Hakuketi.

“Umemwambia mtu wa serikali kwamba wewe unakaanga samaki? Wewe usiyejua chumvi inakaa wapi?”

“Nilishindwa kumwita. Unajua mambo ya ukutila.”

“Ukutila ni kutomwangalia. Imekuwa lini kumfuta?”

Nikamwuliza mkwe wetu anasemaje.

“Hajasema neno baya. Ameuliza tu kama anaweza kurudi kwao akafinyange vyungu na mama yake, maana hapa hatakuwa na cha kufanya.”

Ni bora angenitukana. Usiku ule sikula vizuri, na asubuhi nilivaa shati la kanisani nikaenda ofisi ya kata. Afisa ardhi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema orodha haijapelekwa juu kusainiwa, inaweza kurekebishwa, ila lazima mimi niliyesaini na huyo mwenye jiko tusimame pamoja mbele ya jiko, tupigwe picha moja, na wote wawili tuweke sahihi.

“Mke wangu anaweza kusimama badala yangu?” nikauliza.

“Mzee, aliyesema vyote vyake ni mke wako?”

Nikarudi nyumbani nikamwomba mke wangu ampelekee mkwe wetu ujumbe, kama kawaida. Alikuwa anapeta mchele. Hakuinua kichwa.

“Mwambie mwenyewe.”

“Mimi?”

“Mdomo uliosema ‘vyote vyangu’ uko wapi? Uende huo huo.”

Nikaenda ufukweni. Nilipofika karibu na jiko nikakohoa, na nikasikia sufuria zikiwekwa chini, anajiandaa kuzunguka nyuma. Nikasema na ukuta.

“Usiondoke, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea.”

Nikasikia hatua zake zikikoma. Miaka kumi na mmoja, na nilikuwa sijawahi kumwita mwanangu.

“Samaki wataungua, tata,” akasema, yaani baba.

“Epua kwanza.”

Akaepua. Nikamweleza yote, mambo ya kizimba, ya orodha, ya picha. Sikujipendelea, au nilijipendelea kidogo sana. Nilipomaliza akasema, bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kitu:

“Siku ile nilikusikia. Nilikohoa ili unikumbuke.”

“Nilikukumbuka,” nikasema. “Ndiyo maana ni kosa.”

Siku ya picha alikuja amejifunika kanga mpaka puani. Mke wangu alikuja pia, anasema ni kushuhudia, lakini najua alikuja kutazama. Afisa ardhi akarudi nyuma na kamera yake.

“Sogeeni. Mama, sogea kwa mzee. Mbona mmesimama kama watu waliogombana?”

“Hatujagombana,” tukasema wote wawili kwa pamoja, na mke wangu akacheka mpaka akashika mkungu asianguke.

“Uso, mama. Picha bila uso haipokelewi.”

Akashusha kanga. Sikumtazama, lakini niliona kwa pembeni kwamba ni mfupi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimemjua kwa sauti ya hatua zake, na hatua zake ni za mtu mrefu. Nakala ya picha tulipewa. Mimi natazama upande wa Itungi, yeye anatazama milimani, na ubao tumeushika kila mtu pembe yake. Afisa aliikagua akasema basi, inatosha, jiko linaonekana.

Orodha mpya ilibandikwa. Ardhi, yangu. Meza, yangu. Jiko, miti, vyumba na bembea, vyake, kwa majina yake matatu, ambayo mawili nilikuwa siyajui. Ile mali yangu iliyobaki ilikuwa mistari miwili tu. Jirani yangu wa mitumbwi alinisomea kwa sauti pale ubaoni, mara mbili, ili wote wasikie. Nilistahili.

Trekta lilipokuja kusafisha eneo, tulikuwa tumeshahamisha vyungu vya bomba la moshi. Mikungu ilikatwa, na siku hiyo sikwenda. Wageni wa Jumapili siku hizi wanaogelea mbali kidogo, kwenye mchanga wenye mawe, na hakuna anayesema kwa Karani. Kuna wakati kutolisikia jina lile kunanikosesha raha. Halafu inapita.

Mkwe wangu alipata kizimba cha kona, kinachotazama ziwa. Alibishana na fundi wa soko siku tatu kuhusu njia ya moshi, akashinda. Naenda pale mchana, siku nyingi, kwa miguu. Tunaongea kidogo, mambo ya samaki na ya mvua, na bado haniangalii usoni, wala mimi simwangalii. Heshima hiyo tumeibakiza, na sasa ni sisi wawili tulioamua. Jana alikuja mwenyewe na sahani ya mbasa na wali, akaiweka mbele yangu mbele ya wateja wake.

“Kula, tata,” akasema, akageuka kurudi jikoni kabla sijajibu.

Nikajibu hivyo hivyo, kwa nguvu, “Ndaga fijo, mwanangu,” mpaka watu wa meza ya pili wakageuka kuona ni nani anashukuru samaki kwa kelele kiasi kile. Nikaanza kula.