Tulipigwa ban Karatu kwa kucheza upatu wa chuma angani, ikabaki zamu ya Paulina

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hii ninayoileta si chai. Hata majani sijaweka.

Ilinitokea mwenyewe Karatu, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni. Intaneti ilikuwa kwenye kafe moja yenye dishi juu ya bati. Ukifungua picha ya mtu, unakwenda kula chapati, unarudi unaikuta ndiyo kwanza imefika shingoni.

Mimi nilikuwa nauza spea za magari dukani kwa mjomba. Mchaga wa kuja, kama wafanyabiashara wengi wa pale. Biashara ikilala, nahamia kafe.

Pale kafe tulikuwa na game letu la anga za juu. Online, unacheza ndani ya browser tu. Unapewa sayari, unachimba chuma, unaunda meli, unavamia wenzio wa dunia nzima. Hakuna milipuko wala muziki, ni namba na majedwali. Dogo wa sasa hivi ukimwonyesha atakucheka, lakini aisee, zile namba zilitunyima usingizi watu wazima.

Tulikuwa watano.

Mimi. Machalii wawili wa gereji. Paulina, binti wa Kiiraqw aliyekuwa anakaa kaunta palepale kafe. Na Elibariki, dereva guide wa kampuni moja ya utalii, mkubwa kwetu wote kwa umri na kwa maneno.

Sayari tulizipa majina ya kwetu. Ya Paulina iliitwa Endabash, ndiko wazazi wake wanakolima. Game lina watu wa kila nchi, na katikati yao kuna Endabash inaelea. Tulijisikia sana.

Sasa, chuma kilikuwa kinachimbika taratibu mno. Siku moja Elibariki akatuuliza, "Kwani nyie hamjui upatu?"

Tukatazamana. Kweli bana! Mama zetu wote wamejenga majiko na kununua mitamba kwa upatu. Sisi tunakufa njaa angani kwa nini?

Tukakubaliana kila Jumapili baada ya ibada wote tunamtumia chuma mtu mmoja, kwa zamu. Tukapiga kura. Elibariki akatoka wa kwanza. Paulina akatoka wa mwisho.

"Sawa tu," alisema Paulina. "Ila msije mkanizungusha."

Elibariki akala zamu yake. Mamaaa! Yule mtu aliunda meli mpaka akaanza kutembea kwa mabega. Akawa mkubwa kuliko sisi wote tukijumlishwa. Nikafuata mimi, wakafuata machalii wa gereji.

Ikabaki Jumapili ya Paulina.

Tunafungua asubuhi ile, account zote tano zimefungwa. Ban.

Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, mkavu kabisa. Kwamba wewe ni mtu mmoja una account tano, zote zinatoka kwenye connection moja, na account ndogo zinailisha kubwa.

Wakuu, nilikasirika mpaka leo nikikumbuka napandwa. Mimi na Elibariki tuwe mtu mmoja? Mtu mwenye kitambi kile? Huyo admin alifikiri kila binadamu ana intaneti yake chumbani. Karatu nzima tulikuwa tunagombania dishi moja na watalii wanaotuma email kwao!

Paulina ndiye mwenye Kiingereza cha kuandika. Akajieleza vizuri, akaeleza mpaka upatu ni nini.

Jibu likaja baada ya siku kadhaa. Account zimefunguliwa, LAKINI watu wa connection moja ni marufuku kutumiana mali. Tukirudia, zinafutwa moja kwa moja.

Basi ndiyo ikawa hivyo. Watu wanne tumekula, wa tano mlango umefungwa.

Paulina alisoma lile jibu, akasema "Haya," akaendelea kuprinti kazi ya mteja. Hakununa, hakulia. Afadhali angetutukana. Mimi nilishindwa hata kumtazama, maana meli zangu nusu ni chuma chake.

(Kwa wasiojua upatu: kula zamu yako halafu wa mwisho akose, mtaani kwetu huo ni wizi. Hakuna cha sheria wala admin.)

Mambo hayakuishia hapo. Kulikuwa na mchezaji mmoja wa nje, sisi tulimwita Fisi. Huyo akishanusa sayari isiyo na ulinzi, anakuja kukomba kila kitu. Akainusa Endabash. Akaja mara ya kwanza, akakomba. Akaja tena.

Siku moja mchana Paulina akaniita. Kwenye kioo kuna onyo jekundu: jeshi lote la Fisi liko njiani, linafika Endabash jioni.

"Akinikomba na leo, mimi naacha," akasema. "Siwezi kila siku kulima, mwingine anavuna."

Hapo ndipo akili ikanicheza.

Kwenye lile game, kutuma meli zako zikamlinde rafiki kulikuwa kunaruhusiwa. Na meli ikivunjika vitani, chuma chake chakavu kinabaki kinaelea juu ya sayari, anaokota atakayewahi. Paulina alikuwa na meli zake za kuokotea.

Nikamwambia, "Sheria imekataza kukutumia chuma. Haijakataza sisi kufia kwako."

Akanitazama. "Mtabaki bila kitu."

"Si ndiyo upatu?"

Machalii wa gereji nikawatuma mbio, wakaja na grisi mikononi, wakatuma meli zao. Mimi nikatuma zangu. Lakini za kwetu zilikuwa dagaa. Bila jeshi la Elibariki, Fisi angetutafuna halafu angeokota hata hicho chuma chakavu.

Na Elibariki alikuwa wapi? Chini kreta, Ngorongoro, na wageni. Simu hazishiki kule.

Nikakimbilia ofisi yao, jirani tu na kafe. Kwenye radio call alikuwa anakaa Mama Neema, mama mkali, shemasi kanisani. Nikamweleza habari za meli na sayari.

"Toka hapa," akasema. "Radio ya ofisi siyo ya michezo ya watoto."

"Mama, shikamoo kwanza. Tulikuwa tunacheza upatu. Elibariki alikula wa kwanza. Leo ni zamu ya Paulina."

Akaweka kalamu chini. "Alikula wa kwanza? Na huyo binti hajapata?"

"Hajapata, mama."

Wakuu, sikumalizia. Mama Neema alishakamata maiki.

"Elibariki, Elibariki, ofisi inakuita. Kuna binti wa watu hapa mmekula upatu wake. Wewe ulikula wa kwanza. Panda huko juu uje umalizane naye leo hii. Dawa ya deni kulipa. Over."

Ile radio ilikuwa inasikika kwenye magari yote ya kampuni. Halafu dereva mmoja akaingilia, "Kaka Eli, mlipe mtoto wa watu bana." Mwingine akadakia, "Mlipe kabla hajaenda kwa mchungaji!"

Sauti ya Elibariki ikaja ndogo kabisa. "Mama, nina wageni."

"Njoo nao."

Jua linaelekea kuzama, Land Cruiser ikasimama mbele ya kafe. Elibariki kashuka, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kavimba kwa hasira. Nyuma yake wazee wawili wa kizungu, mtu na mkewe, na kamera shingoni. Alikuwa amewaambia wanapitia sehemu ya utamaduni wa wenyeji. Kwani alidanganya?

"Mmenidhalilisha!" akanivaa. "Kreta nzima wananiona tapeli!"

Nikamwonyesha kioo. Fisi alikuwa amebakiza dakika chache.

Akaelewa palepale. Akakaa, akafungua account yake, akaziangalia zile meli zake. Zilikuwa nyingi, kila moja kaipa jina. Mkono uko kwenye mouse, kidole hakishuki.

"Paulina, unajua nimezijenga kwa muda gani hizi?"

"Najua, kaka," akasema Paulina. "Nilikuwa nakutumia chuma."

Akabonyeza. Akatuma zote, hakubakiza hata moja ya kukimbilia.

Tukakaa tunasubiri page ifunguke. Kwa dishi lile, wakuu, ni mateso. Yule bibi wa kizungu alikuwa ameshika mkono wa mumewe, hajui hata ni nini kinaendelea.

Ripoti ikafunguka. Meli zangu na za machalii: sifuri. Meli za Elibariki: sifuri. Za Fisi: zimebaki mbili, zinakimbia.

Na juu ya Endabash, chuma chakavu ambacho sijawahi kukiona katika maisha yangu ya game. Cha kwetu na cha Fisi humohumo. Paulina alishatuma meli za kuokota zamani. Akaokota chote. Ndipo akainamia kaunta akalia, huku anacheka.

Bibi akauliza kama tumeshinda. Elibariki akamjibu kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba hapana madam, nimelipa.

Halafu akatoka moja kwa moja hadi kwa Mama Neema, akasimama dirishani.

"Tangaza," akamwambia.

"Nitangaze nini?"

"Kama ulivyotangaza mwanzo. Mimi siondoki hapa."

Mama Neema akamwangalia Paulina, aliyekuwa ametufuata na kusimama mlangoni. Paulina akaitikia kwa kichwa. Mama akakamata maiki.

"Magari yote, ofisi inaongea. Elibariki amelipa. Narudia, Elibariki amelipa."

Magari yote yakapiga honi, tukazisikia redioni.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba yule admin aliona watu wanapeana akadhani ni mtu mmoja. Hakukosea sana. Siku ile hata mimi sikujua chuma cha nani kilikuwa cha nani.

Sasa naomba maoni yenu bila matusi. Tulivunja sheria au hatukuvunja? Na nyie mliowahi kuwa admin wa game zile, karibuni mjibu, account ya kufungiwa sina tena.