Mashua ya Daktari Uani kwa Babu

Mwezi uliopita nilirudi Kasulu kuangalia nyumba ya babu, ambamo sasa wanakaa wapangaji. Jirani alikuwa anaranda mbao za mninga, na ile harufu iliponifikia moyo ukanipasuka paa. Utanicheka, mtu mzima kuogopa harufu ya mbao. Basi ngoja nikueleze.

Babu alikuwa fundi mashua kule Burundi, kando ya ziwa. Vita vilipowakimbiza yeye, Bibi na kaka yake, walivuka kwa mashua aliyoiunda mwenyewe. Ikapinduka, yule kaka akazama. Tangu hapo Babu akapanda huku milimani, akawa fundi wa vitanda na milango. Ziwa halikutajwa nyumbani kwetu. Hata migebuka, samaki wa ziwani, Bibi hakuipika. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese.

Kiangazi kimoja lori likaingia uani na mashua mgongoni. Ilikuwa ya daktari mmoja, mtu wa Tanga, aliyeikuta Kigoma imetelekezwa mchangani, kuku wanatagia ndani. Zamani ilikuwa mashua ya mashindano ya tanga, nyembamba, yenye pua ndefu. Baadaye ikabebeshwa mkaa mpaka mbavu zikalegea.

"Mzee wangu, mafundi wa kule wananiambia niipasue kuni," daktari alisema.

Babu akaizunguka, akaigonga hapa na pale. "Hii bado haijafa."

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hicho kitu hakilali kwangu. Ile ya kwanza haikukutosha?"

Kikalala. Babu aling'oa mbao zilizooza, akaweka za mninga. Mti wa mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, aliufuata hadi msitu wa Kagerankanda. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba na kuichovya kwenye mawese, naye aishindilie katikati ya mbao maji yasipite. Mikono ilininuka mawese hata darasani.

Sikuwahi kuipa mashua ile mgongo. Jua lilipokolea, mbao zilialika, ka! ka!, nami niliamini kaka yake Babu yumo ndani anagonga. Nikitoka shule nilizunguka kwenye mihogo ya jirani ili nisipite karibu nayo. Lakini kilichonitisha zaidi ni Babu mwenyewe. Kuna wakati aliweka tezo chini, akaichungulia mashua, na ukimwita hasikii.

Ilipokamilika, daktari akasema kwa furaha, "Fundi, sharti uipande wewe kwanza!" Hakujua. Babu hakucheka. Alisema tu, "Nitakuja." Asubuhi ya safari tulimkuta Bibi ameshakaa garini, kitenge kimefungwa kichwani kama anaenda msibani.

Tulishuka Kigoma, ziwani. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Waliisukuma mashua, Babu na daktari wakapanda, tanga likajaa upepo. Hawajafika mbali, nikaona Babu ameinama anachota maji kwa ndoo, anamwaga, anachota tena. Mashua ikalala upande. Bibi alinikamata ukosi wa gauni hadi nikakosa pumzi. Kisha akapiga kelele, akaita jina. Halikuwa jina la Babu. Lilikuwa la yule shemeji yake aliyezama.

Wavuvi waliokuwa pembeni yetu wakamwambia, "Mama, tulia. Mbao kavu lazima zinywe maji kwanza, zikivimba zinajifunga." Hakuwasikia. Mashua ikainuka, ikageuka, ikaja. Babu akashuka maji yakimfika kiunoni, amelowa mpaka kofia.

"Ego, mwana wanje," aliniambia, yaani ndiyo, mwanangu, "imekubali." Akakaa mchangani, akalia mbele za watu.

Njia nzima ya kurudi Babu na Bibi walizungumza Kirundi, haraka haraka, wakimtaja marehemu bila woga. Walieleza alivyokuwa akiimba, alimpenda nani, alichosema usiku ule. Bibi hata alicheka. Niliambulia maneno machache. Nikajiambia nitawauliza nikikua.

Daktari alihamishwa, akaiuza mashua. Nimeiulizia Kigoma, hakuna anayeijua, na siku hizi ni boti za plastiki tupu. Hilo nalivumilia. Kinachoninyima usingizi ni yale mazungumzo ya garini. Walioyajua wote wawili wamezikwa, na mtu yule aliyezama hana tena hata mmoja wa kueleza yeye alikuwa nani.