Kebo Iliyosemekana Imekufa

Mama ni karani wa kituo cha maziwa hapa Mukurweini. Siku kompyuta mpya ilipofika, aliniambia niiunganishe na mizani kwa kebo ileile ya zamani. Niliweka draiva mpya kutoka mtandaoni, ile programu ya kuifanya kompyuta itambue kebo, lakini mizani haikusomeka.

Wakulima hawakubali kilo za kuandikwa kwa mkono, wanataka risiti. Wakangoja juani na mitungi yao.

"Karani, ama hiyo kompyuta inataka chai kwanza?" mzee mmoja akauliza.

Walipocheka, mama alinitoa kwa kiti, akawatangazia kuwa kebo imekufa, akatuma boda Nyeri ilete nyingine. Hapo ndipo niliposoma kwa simu kwamba kebo kuukuu hivyo inataka draiva ya zamani. Lakini ningempingaje mama mbele ya watu? Nikarudisha simu mfukoni.

Boda ilirudi saa saba mchana na kebo mpya, mizani ikasomeka. Lakini maziwa ya shosho mmoja, bibi mzee jirani yetu mwenye ng'ombe mmoja, yalikuwa yameganda, yakakataliwa.

"Asante kwa kujaribu, mwanangu," shosho akaniambia.

Jioni nilijaribu ile kebo na draiva ya zamani. Ilisoma mara moja. Sijamwambia mtu.