Shina la Shubiri

Utotoni niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba shubiri ya kwetu Isiolo ina shina nene kuliko shingo ya ngamia, ila imelificha chini ya ardhi likinyonya maji ya mto Ewaso Nyiro. Jirani yetu ndiye aliyeniambia. Enzi hizo kaunti ilikuwa bado changa na kila mtu anangoja kisima. "Wewe fuata hilo shina tu," alisema, "utatuletea maji kabla ya gavana."

Juzi nilimpeleka nyanya kwenye kilima kilicho nyuma ya kwetu, yote yakanirudia.

Siku zile shubiri ya pekee pale nyumbani ilikuwa kando ya zizi. Niliichimba asubuhi nzima, shimo la kuzika ndovu. Haya basi, mbuzi. Sikupata ila mizizi myembamba. Nikaikatakata yote, majani na mizizi, nikaitupa chooni kuficha ushahidi.

Saa kumi kuku wa nyanya akaanza kusinzia, vifaranga wakimlilia. Ugonjwa ulikuwa umepita mtaani, akabaki huyo mmoja tu. Nyanya alitaka jani la shubiri aweke kwenye maji yake. Akaona shimo. Akaniona mimi.

Hakunichapa. "Nenda kilimani," alisema. "Kwenye mawe, chini ya migunga, mahali nyasi imekataa kumea. Ukiona majani yametoka ardhini yakajikusanya kama bakuli, na maua yote yamegeukia upande mmoja wa tawi, ndiyo hiyo. Kata jani la nje. Moyo usiguse."

Nilikimbia kama nafukuzwa na simba saba. Bado nasikia kengele za mbao za ngamia, na ndege wadogo, chozi, wakigombania yale maua. Utomvu wa manjano ulinikaa vidoleni, mchungu, hadi ugali wa jioni ukaniponyoka mdomoni.

Kuku aliishi. Hadi leo sijui ni dawa au ni ubishi wake.

Sasa kilima kimeliwa na mashine za kokoto. Tulizunguka na nyanya tukapata shubiri moja, ukingoni mwa machimbo. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, cheti kiko kwenye fremu, nikamwuliza hatimaye: lile shina lilikuwa wapi?

Alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Haina shina, mjukuu wangu. Haijawahi kuwa nalo. Inataka mawe tu, na kuachwa."