Mipini ya Kambi ya Ulanga

Niliondoka Bigwa asubuhi moja kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Sina sababu nyingine ya kueleza. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa hajarudi kutoka kuswali alfajiri, na mkewe alikuwa nyuma ya nyumba akipuliza moto uliokataa kuwaka. Nilitundika mkoba wangu begani nikatoka. Kwenye njia panda nilisimama kidogo. Kulia ni mjini na relini, ambako askari wa Mjerumani walikuwa wakiwakamata vijana wasio na kazi. Kushoto ni milimani. Nikashika kushoto.

Ndani ya mkoba mlikuwa na visu kumi na kimoja vya kukunja, kinoo, tupa iliyochakaa, keke ndogo ya kutobolea, na vipande vya mpingo na pembe. Nguo sikubeba.

Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili. Sikufukuzwa. Nilimwuliza mwalimu saa ya ukutani inajuaje kuwa ni saa sita, akanichapa, nami nikaona yeye mwenyewe hajui. Muda si mrefu baada ya hapo niliokota kisu changu cha kwanza kwenye kokoto za tuta la reli. Ubapa wake ulikuwa umevunjika nusu, na mpini umepondwa, labda na gurudumu. Nilikaa nacho siku tatu nikikichunguza. Nilitaka kujua kwa nini kinapofungwa kinalia *tap*, na kinapofunguliwa kinakataa kujikunja chenyewe. Nilipokivunja nikaona chuma chembamba mgongoni, kinachobonyea na kurudi. Tangu siku hiyo nilivitafuta visu vibovu kila mahali: kwa mafundi wa reli, nyuma ya maduka ya Wahindi, kwa wapagazi waliopita. Nilivitia chuma kipya cha mgongoni kutoka kwenye mbavu za mwavuli mkuukuu, nikavivisha mpingo, nikavisugua kwa majani ya msasa mpaka vikang'aa. Kuviuza sikuviuza. Mjomba aliniuliza, "Mpwa wangu, mtu mwenye visu kumi na kimoja ana maadui wangapi?" Huenda swali hilo nalo lilinisaidia kuondoka.

Nilipanda siku nzima. Siku ya pili, juu ya kijito, nilikuta njia inameta kama iliyomwagiwa magamba ya samaki. Ilikuwa ulanga, lile jiwe linalobanduka karatasi karatasi kama kurasa za kitabu. Niliifuata hiyo njia inayometa hadi kambini.

Wanaume kama arobaini walikuwa wamekaa chini ya paa la nyasi wakipasua ulanga kwa visu vya kukunja. Mzungu mwenye kambi alikuwa ameleta sanduku zima la visu hivyo, vya bei rahisi. Ukungu wa mlimani ulikuwa umevila: zile mbavu mbili za mpini, zilizotengenezwa kwa kitu kama karatasi ngumu, zilikuwa zimevimba na kubanduka, na watu walikuwa wakishika chuma kitupu kilichozungushiwa matambara. Mikono yao ilikuwa na vidonda.

Mtu mwenye akili angeomba maji akaendelea na safari. Mimi nilikaa karibu na mmoja wao nikamwambia, "Hebu nione hicho kisu."

Njia yangu ya kutengeneza mpini ilikuwa hivi. Nilimpa mtu donge la udongo mbichi wa kijitoni alikamue kama anavyoshika kisu. Vidole vyake vilibaki pale, kila kimoja na shimo lake. Udongo ukikauka, nilichonga mbavu mbili za mpingo kwa kuufuata, nikazipigilia misumari ya waya wa shaba. Mpini wa namna hiyo ukiushika, unahisi nao umekushika. Yule wa kwanza alipasua ulanga wake hadi jioni bila kujifunga tambara.

Asubuhi yake nyapara alikuja. Alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu wote waliisikia.

"Nani kakufanyia hiki?" alimwuliza yule mwenye mpini mpya.

"Yule kijana wa Bigwa."

"Wewe. Njoo."

"Shikamoo, bwana nyapara."

"Marahaba. Una kipande?"

"Sina."

"Sasa unacho."

Akaniandikia kadi ya siku thelathini, akaitia kwenye kopo la bati alilohifadhi kadi zote. Nilifurahi, nisidanganye. Kipande ndiyo kadi hiyo, inayotiwa alama moja kila siku ya kazi, na kilichojaa kilikuwa kinga. Askari akikukuta njiani bila hicho, anakupeleka kuvunja mawe ya barabara, na kiboko kikikusubiri huko. Nikahesabu: mwezi mmoja milimani na visu arobaini vibovu, halafu njia yote ni yangu.

Nilikalia gogo langu chini ya mti wa mkuyu nikafanya kazi. Madongo ya udongo nilikuwa nayapanga juu ya gogo yakauke, safu ndefu ya mikono isiyo na watu. Kila mkono nilikuwa naujua. Huyu ana kidole kilichokatika, huyu anashika kwa woga, yule ni wa kushoto. Kuna siku nilisahau kula.

Siku thelathini na mbili zilipopita nilimwendea nyapara.

"Nimekuja kuchukua kadi yangu, bwana."

Akafungua kopo, akanionyesha. Kadi ilikuwa safi. Hapakuwa na alama hata moja.

"Hii ni kadi ya kupasua ulanga," alisema bila hasira. "Umepasua ulanga lini?"

"Nimenoa visu vya wanaopasua. Nimetia mipini."

"Ndiyo, na nakushukuru sana. Lakini hilo halina pa kuandikwa."

"Basi kesho nipasue."

"Na visu?" Akafunika kopo. "Rudi kwenye gogo lako, fundi."

Niligundua hapo kosa langu, na lilikuwa la kujitakia. Kila mpini niliufanya wa mkono mmoja. Mtu akimaliza kadi yake na kwenda zake, kisu chake kilikuwa hakimfai mwingine yeyote. Mgeni akija, lazima akamue udongo, lazima nimchongee upya. Watu walikuwa wakija na kuondoka kila juma. Kazi yangu ilikuwa haina mwisho, na niliyeitengeneza hivyo ni mimi, kwa majivuno.

Nilijaribu kukataa. Nyapara aliniambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba mtu asiyefanya kazi kambini ni mtoro, na watoro ni wa askari. Nilijaribu kuharibu, nikanoa kisu kimoja makusudi kikawa butu. Usiku sikupata usingizi, na alfajiri nilikuwa wa kwanza kuamka ili nikinoe vizuri kabla mwenyewe hajakishika. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko kiboko. Njia ya kushuka ilikuwa pale pale, haina boma wala mlinzi, nami nikiitazama kila siku huku mikono yangu ikichonga.

Kulikuwa na mtu mmoja pale, wa makamo, mwenye goti bovu. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani. Siku aliyojua mimi ni wa ukoo gani alipiga makofi kwa furaha, na tangu hapo sikuwa na raha.

"Nyie ukoo wenu wote ndivyo mlivyo," alikuwa akisema watu wasikie. "Mjomba wenu mkubwa alijenga nyumba akasahau kuweka mlango. Akafia humo ndani akisifia kuta."

"Na wa kwenu ndiye aliyeitwa amtoe," nilimjibu. "Akafika, akakuta kivuli, akalala."

Watu walicheka. Lakini maneno ya mlango yaliniingia, na nadhani aliona.

Asubuhi moja, tulipokuwa tumesimama kuitwa majina, alichechemea hadi kwenye gogo langu. Akauchukua mkoba wangu, wenye visu vyangu kumi na kimoja na kinoo na tupa na keke, akauvaa.

"Huu wangu," alisema. "Na gogo pia. Ondoa hayo makalio ya ukoo wa njaa."

Kwetu, mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Unaweza kukikomboa kwa kile atakachotaja, basi. Visu vile nilikuwa nimevikusanya tangu utotoni.

"Kuna nini hapa?" nyapara aliuliza.

"Utani, bwana," watu walijibu kwa pamoja, wakicheka.

Hata watu wa pwani wanajua utani hauingiliwi. Akamgeukia yule mtani. "Na visu atanoa nani?"

"Mimi. Goti langu limechoka kukaa mkao wenu. Kadi yangu imejaa tangu mwezi uliopita, niko hapa kwa hiari yangu. Hutasumbuka kuniandika."

Nyapara akachukua kisu kilichoachwa na mtu aliyeondoka, akaniwekea chini mbele yangu. "Kapasue," alisema.

Kilikuwa kile cha mtu wa mkono wa kushoto. Kila shimo la kidole nililolichonga kwa uangalifu lilikuwa mahali pasipofaa. Siku ya pili kiganja kilipasuka. Siku ya tano nilijifunga tambara kama watu niliowakuta siku ya kwanza. Lakini jioni nyapara alifungua kopo akatia alama kwenye kadi yangu, nami nikaiona kwa macho yangu.

Mtani hakunitazama hata mara moja. Madongo yangu yote aliyatupa kijitoni. Niliyaona yakilainika na kuwa matope. Mpingo wangu hakuugusa, alisema ni mgumu mno. Alikata fito za mti laini wa pale pale, akazipasua katikati, akavivisha visu vyote mipini ya duara isiyo na umbo, kama mchi. Niliona aibu kwa niaba ya vile visu. Watu walinung'unika siku tatu. Siku ya nne walinyamaza. Siku ya tano hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na mipini mingine. Mtu akiondoka, kisu chake kilichukuliwa na aliyefuata, na kazi ikaendelea. Nilimwomba aondoe ule mpini wa kisu changu anitilie wa duara. Alinitoza tusi moja refu kuhusu mama zangu wakubwa wote, kisha akanitilia.

Nilimwuliza kama alifanya vile kwa ajili yangu.

"Nilitaka kukaa kivulini," alisema. "Kwa nini watu wa kwenu mnadhani kila kitu kinawahusu?"

Siku alama ya thelathini ilipotiwa, nyapara hakunipa kadi papo hapo. Aliketi, akatoa mfukoni kisu cha Mzungu mwenyewe. Sijawahi kuona kisu kama kile. Kilikuwa kinene kama kitabu cha sala, kina msumeno, mkasi mdogo, kizibuo, na pembeni kitu kimoja chenye ncha iliyopinda ambacho hadi leo sijajua ni cha kazi gani.

"Kimekwama," alisema. "Bwana mkubwa anataka kifunguke. Siku mbili tu, fundi. Tatu ikizidi."

Nilikipokea. Kilikuwa kizito, na ndani yake kitu kilikuwa kimelegea. Nilikisikia kikigonga nilipokitikisa. Nilijua tatizo liko wapi. Nilijua kabisa, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kutafuta msumari wa kung'oa.

"Sijui," nilisema.

"Hujui nini?"

"Sijui kukitengeneza." Nikakiweka chini miguuni pake. Nilikuwa sijawahi kusema neno hilo juu ya kisu chochote. Alinitazama sana. Baadaye akanipa kadi.

Mtani alikuwa kwenye gogo. Alinifungulia mkoba nivione visu vyangu. Vyote kumi na kimoja vilikuwemo.

"Jogoo mmoja," alisema. "Mwekundu. Ndivyo utakavyoukomboa."

"Jogoo nitamtoa wapi mimi?"

"Kaa mwezi mwingine, fanya kazi, nunua." Alisema kwa kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Alikuwa ananingoja nijibu.

Nilivitazama kwa zamu. Sikukigusa hata kimoja, maana nilijua nikikigusa nitakaa. Nikamwambia ukoo wao haujawahi kuonja jogoo wala hautaonja, nikashuka.

Nilitembea kama mtu aliyesahau kitu. Kila mara mkono ulikuwa unakwenda begani. Nilikwepa Bigwa, nikafuata mabonde hadi nikatokea upande wa Kingolwira wakati wa alasiri. Karibu na stesheni askari alinisimamisha. Nikatoa kipande. Alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akaanza kuzihesabu alama kwa ncha ya ukucha. Akanirudishia.

Mbele kidogo mwanamke mmoja mzee alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha kwa watu wa reli. Nilimwamkia, nikamwuliza kama anajua mahali pa kulala mgeni.

"Mgeni wa wapi?"

"Wa milimani, bibi."

"Mlevi?"

"Hapana."

"Unakoroma?"

"Sijawahi kujisikia."

Alicheka, akanionyesha kibanda kilichokuwa ubavuni mwa nyumba yake. Kulikuwa na kitanda cha kamba na jamvi. Nikilipa kwa kumchotea maji asubuhi, alisema, yatosha. "Na kazi gani unaijua?"

"Kupasua ulanga," nilisema.

"Hapa hakuna ulanga."

"Basi sina kazi, bibi."

Alinimenyea muhogo. Mpini wa kisu chake ulikuwa unacheza, msumari mmoja umetoka, na kila alipokata ubapa uliyumba upande wa kidole gumba chake. Niliikalia mikono yangu miwili hadi alipomaliza. Kisha nikala, nikamshukuru, nikaingia kibandani kulala kabla hajaanza kumenya mwingine.