Mzizi Niliouzika

Majuzi hapa Guangzhou, mwanangu anayenunua nguo za biashara soko la Shahe alinipitisha duka la dawa, nikaona jinsengi, mzizi wenye mikono na miguu kama mtu. Miguu yangu mwenyewe, ambayo siku hizi haina adabu, ikagoma kuondoka.

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu kule Unguja alipewa mmoja na daktari Mchina, wa kutibu kifua. Mimi nikadhani ni kichanga kilichokufa, watu wamesahau kukizika. Alasiri moja nikakivika sanda ya kipande cha kanga, nikakizika nyuma ya banda la kuku, na Fatiha nikakisomea.

“Mwanaidi, umeiuza dawa yangu!” Bibi alimfokea shangazi, huku akikohoa.

“Wallahi mama, sijaigusa.”

Nami nimesimama palepale, kucha zimejaa udongo, nikaificha mikono mgongoni. Shangazi akasusa kula. Sehemu yake ya wali nikaila mimi.